Ghala la Wakulima Huru: Habari za Kijiji cha Maraussan, Ufaransa



Katika kitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kusimulia habari za vyama vyetu wenyewe: jinsi vilivyoanza, jinsi mizani ya kwanza ilivyonunuliwa, na ni akina nani walioketi katika Halmashauri za mwanzo. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na wanaozijua wamekwisha kuzieleza vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Kurasa hizi chache tumeziweka kwa habari za watu wa mbali, wakulima wa kijiji kimoja cha Ufaransa kiitwacho Maraussan. Si kijiji maarufu. Mgeni apitaye njia kuu ya kusini mwa nchi ile anaweza kukipita asijue kwamba amekipita. Walakini liko jengo moja pale ambalo Serikali ya Ufaransa imeliandika katika orodha ya majengo ya ukumbusho yanayolindwa kwa sheria, orodha ile ile yenye makanisa makuu ya kale na ngome za wafalme. Jengo hilo si kanisa wala si ngome. Ni ghala la chama cha ushirika.

Maraussan kiko katika wilaya ya Hérault, kilomita chache kutoka mji wa Béziers, karibu na mto Orb unaoshuka kutoka milimani na kuingia katika Bahari ya Mediterania. Wakazi wake leo ni zaidi ya 4,000. Nchi ile ni ya jua kali na ya mvua chache wakati wa joto, na mvua za baada ya hapo huja kwa ghadhabu, zikajaza mito kwa usiku mmoja. Kwa mpango uliowekwa wakati wa Mapinduzi ya mwaka 1789, kila kijiji cha Ufaransa, hata kiwe kidogo namna gani, kina baraza lake na meya wake; eneo la namna hiyo huitwa komuni. Basi Maraussan ni komuni ya wakulima, na tangu zamani zao lao kuu ni mzabibu.

Ndugu waliopata kufika Dodoma wamekwisha kuuona mzabibu na hawahitaji kuelezwa sana. Kwa wengine tuseme tu kwamba ni mmea utambaao, ambao huko Ufaransa hukatwa matawi wakati wa baridi, huchipua baridi inapokwisha, na huvunwa mara moja tu kwa mwaka, hasa mwezi wa Septemba. Zabibu zikiisha kukatwa hazingoji. Zikikaa juani huanza kuchacha zenyewe na kuharibika, kwa hiyo hapana budi zikamuliwe upesi, na maji yake yatiwe katika vyombo ambamo yatageuka kuwa mvinyo. Wamo miongoni mwetu wasiogusa mvinyo, na kwa haki yao. Hao wasomapo neno hilo waweke mahali pake kahawa, pamba au korosho, na hadithi haitapungua kitu.

Majengo ya kale katika kijiji chenyewe si mengi. Liko kanisa la kijiji, nayo iko ngome ya Perdiguier, ambayo asili yake ni karne ya 14 na ambayo sasa ni makao ya shamba la mizabibu. Lakini mtu akitaka kuielewa nchi ile ni heri atoke kidogo nje ya mipaka ya Maraussan, aelekee kusini mpaka kilima cha Ensérune. Juu ya kilima hicho watu walijenga mji tangu karne ya 6 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, wakaukaa mpaka karne ya kwanza baada yake. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua nyumba zao, na katika nyumba hizo kitu kinachomshangaza mkulima ni wingi wa mahali pa kuwekea akiba: mashimo ya nafaka yaliyochongwa katika mwamba, na mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa sakafuni. Watu wale walikwisha kujua, kabla ya Warumi kutawala nchi yao, kwamba mavuno yasiyo na mahali pa kukaa si mali bado.

Kutoka juu ya kilima hicho huonekana chini kitu ambacho sisi twakihesabu kuwa ni ukumbusho mkubwa kuliko ngome zote za nchi ile. Ni shamba la duara, pana kiasi cha hekta 400, lililogawanywa kwa mitaro iliyonyooka kutoka ukingoni mpaka katikati, kama miti ya gurudumu la mkokoteni. Zamani hapo palikuwa ziwa la maji yaliyotuama, lililoitwa ziwa la Montady. Mwaka 1247 wenye ardhi walipata ruhusa ya Askofu Mkuu wa Narbonne walikaushe. Wakachimba mitaro ile yote ili maji yakusanyike katikati. Na kutoka hapo wakayatoa kwa mfereji mmoja unaopita chini kwa chini, ndani ya kilima chenyewe, kwa umbali wa zaidi ya mita 1,300, hata yakatokea upande wa pili. Walifanya kazi hiyo kwa sururu na taa za mafuta, bila baruti.

Ajabu ya Montady si kuchimba peke yake. Mfereji ukichimbwa mara moja na kuachwa, baada ya miaka michache hujaa matope, na ziwa hurudi. Kila mwenye kipande cha shamba ndani ya duara lile anategemea mtaro wa jirani yake: mmoja akizembea, maji humzamisha na yule asiyezembea. Kwa hiyo wenye mashamba walilazimika kuwa na chama, na chama hicho kiwe na nguvu ya kumdai kila mtu mchango wa kusafisha mitaro. Miaka zaidi ya 770 imepita; wafalme wameondoka, Mapinduzi yamekuja na kupita, vita kuu mbili zimepigana; na mpaka leo wako wenye mashamba wa Montady katika chama chao, wakitunza mitaro, na maji bado yapita chini ya kilima. Tunapoambiwa kwamba ushirika ni jambo jipya lililobuniwa mijini katika karne ya 19, yafaa kuikumbuka mitaro ile.

Kilima hicho hicho, mahali paitwapo Malpas, kimetobolewa mara tatu. Chini kabisa upo mfereji wa watu wa Montady. Juu yake ilipitishwa reli katika karne ya 19. Na juu ya reli liko pango ambalo Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers, alilichimbua miaka ya 1679 na 1680 ili apitishe mfereji mkubwa wa mashua kati ya mji wa Toulouse na Bahari ya Mediterania. Mfereji huo una urefu wa kilomita 240, ulifunguliwa mwaka 1681, na Riquet hakuuona ukifunguliwa, maana alifariki mwaka uliotangulia. Sanamu yake imesimama katikati ya Béziers, katika njia pana ya miti iitwayo kwa jina lake. Tutairudia njia hiyo.

Basi mfereji, na zaidi reli iliyofika Béziers mwaka 1857, viliwafungulia wakulima wa nchi ile soko la Paris na la miji ya viwanda ya kaskazini, ambako watu walianza kunywa mvinyo kila siku kama sisi tunywavyo chai. Wakulima wakang'oa ngano na mizeituni, wakapanda mizabibu mpaka mabondeni. Palikuwa na utajiri mwingi. Nyumba za mawe za fahari zilizosimama mpaka leo kati ya mashamba ya Béziers ni ushuhuda wa miaka hiyo, ingawa twaona ni ushuhuda wa upande mmoja tu, kwa kuwa nyumba za vibarua waliolima mashamba hayo hazikujengwa kwa mawe ya namna hiyo.

Kisha ukaja msiba. Katika miaka ya 1860 mizabibu ilianza kukauka bila sababu kuonekana. Mwaka 1868 wataalamu watatu, mmoja wao akiwa Jules-Émile Planchon wa Montpellier, walifukua mizizi ya miti iliyokuwa inakufa wakakuta kijidudu kidogo cha manjano, mfano wa kidukari, kinachofyonza mizizi. Kilikuwa kimeletwa na miche kutoka Marekani. Walijaribu dawa za kila namna; wengine waliyafurikisha mashamba yao kwa maji ili kukizamisha. Mnamo mwaka 1875 Ufaransa ilikuwa imetoa kadiri ya hektolita milioni 84 za mvinyo, kila hektolita ikiwa lita 100. Mwaka 1889 ilitoa karibu milioni 23 tu. Mwishowe dawa ilipatikana pale pale ulipotoka ugonjwa: mizabibu ya Marekani haiuawi na kijidudu hicho, kwa hiyo wakulima waliotesha mashina ya Kimarekani na juu yake wakabebesha vikonyo vya mizabibu yao wenyewe. Kazi hiyo ilitaka fedha, na kwa miaka mitatu au minne shamba halikutoa kitu. Mkulima mdogo alikopa. Alipoanza kuvuna tena alikuwa mwenye deni.

Na hapo, ndugu wanachama, ndipo jambo linalotuhusu sisi lianzapo. Kwa maana shida ya Maraussan haikuwa ukosefu wa mavuno, ila wingi wake. Wakati mizabibu ilipokuwa mgonjwa, wafanyabiashara walikuwa wamezoea kutengeneza mvinyo wa bandia kwa sukari, maji na zabibu kavu, na mvinyo wa Algeria ulikuwa ukiingia kwa meli. Mizabibu mipya ilipozaa yote kwa pamoja, soko lilikuwa limekwisha kujaa. Mavuno ya mwaka 1900 yalipita hektolita milioni 60. Bei ikaanguka mpaka chini ya faranga 10 kwa hektolita, na wengine hawakupata hata mnunuzi.

Hata hivyo anguko hilo halikuwapiga wote sawasawa. Kamba hukatikia pabovu. Tajiri mwenye shamba kubwa alikuwa na ghala lenye mapipa makubwa ya mbao, kila moja refu kuliko mtu. Aliweza kutia mvinyo wake humo na kungoja, Januari, Machi, hata bei ipande kidogo. Mkulima mwenye hekta moja au mbili alikuwa na mapipa machache chini ya nyumba yake, pengine na ya mwaka jana bado yamejaa. Zabibu ziko mtini zimeiva, mbingu zinatisha mvua, dalali amesimama mlangoni. Mtu huyo hakuwa na la kujadiliana. Aliuza kwa bei aliyoambiwa, kwa sababu hakuwa na mahali pa kuweka mali yake hata kwa mwezi mmoja. Udhaifu wake haukuwa katika shamba. Alilima vizuri kama tajiri, na mara nyingi kuliko yeye. Udhaifu wake ulikuwa katika chombo.

Mwezi wa Desemba mwaka 1901 wakulima wadogo wa Maraussan, zaidi ya 100, waliungana, akiwa mbele yao mwenzao Élie Cathala. Chama chao wakakiita Les Vignerons Libres, yaani Wakulima Huru wa Mizabibu. Jina hilo lastahili kuangaliwa. Watu wengi wakati ule walidhani kwamba kuingia katika chama ni kupoteza uhuru, kuwa ni kuikabidhi ardhi yako kwa halmashauri. Wale wa Maraussan walisema kinyume chake kwa jina lenyewe: asiye huru ni yule ambaye kila Oktoba hungoja hukumu ya dalali. Ardhi hawakuichanganya. Kila mtu alibaki na shamba lake, akilipalilia na kulipogoa apendavyo.

Walianza kwa jambo moja tu, nalo ni kuuza pamoja. Kila mmoja alitengeneza mvinyo nyumbani kwake, kisha chama kikauza kwa niaba ya wote. Na hawakumtafuta mnunuzi kwa wachuuzi wa Béziers, bali walikwenda moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya wafanyakazi wa Paris, vyenye maduka yao wenyewe ya chakula na vinywaji. Chama kikaweka ghala karibu na Paris ili mapipa yapokewe na wenyewe. Hivyo ushirika wa wauzaji na ushirika wa wanunuzi ulikutana, na katikati yao hapakuwa na mtu. Mfanyakazi wa Paris alipata mvinyo usiotiwa maji wala sukari, na mkulima wa kusini alipata bei aliyoweza kuishi nayo. Inatupendeza kufikiri kwamba watu wale, ambao wengi wao hawakuonana kamwe, walijuana kwa pipa.

Lakini kuuza pamoja kulionyesha upesi upungufu wake. Mvinyo wa nyumba hii haukuwa sawa na wa nyumba ile. Huyu alikuwa na mapipa safi, yule yalikuwa na ukungu. Huyu alikamua zabibu zake jioni ile ile, yule kesho yake. Mnunuzi aliyezoea pipa la mwezi uliopita hapendi kuletewa jingine lenye ladha nyingine chini ya jina lile lile. Ndiyo maana chama kiliamua kujenga ghala moja, ambalo zabibu za wanachama wote zingekamuliwa humo na mvinyo kutengenezwa humo. Jengo likasimama mwaka 1905. Vyama vya kutengeneza mvinyo kwa pamoja vilikuwapo kabla yake katika nchi nyingine. Hata Ribeauvillé, mji wa Alsace ambao leo ni wa Ufaransa, ulikuwa na chama chake tangu mwaka 1895, wakati jimbo hilo lilipokuwa chini ya Wajerumani. Walakini ghala la Maraussan ndilo lililokuwa la kwanza katika nchi yote ile ya kusini, nalo ndilo lililoigwa.

Tufikiri kidogo jinsi ghala la namna hiyo linavyofanya kazi, maana wanachama wetu waliosimama mbele ya mizani za Union watayatambua mambo mengi. Mkulima huleta zabibu kwa mkokoteni. Hupimwa uzito, na katika maghala yaliyopangwa vizuri hupimwa pia utamu, kwa chombo kinachoonyesha kiasi cha sukari, kwa kuwa zabibu tamu hutoa mvinyo wenye nguvu zaidi. Huandikwa katika daftari. Toka hapo zabibu zaanguka katika mashine ya kuponda, kisha katika matangi, na mwisho makapi yaenda katika shinikizo. Tangu zinapopita mdomo wa mashine ile, hakuna awezaye kusema zipi ni zake. Mkulima hurudi nyumbani na karatasi tu. Malipo huja baadaye, kwa mafungu, kadiri mvinyo unavyouzwa katika mwaka. Ni rahisi kwetu leo kuliandika jambo hilo katika mistari michache. Kwa mtu ambaye baba yake na babu yake waliutunza mvinyo chini ya vitanda vyao, kuiacha mali yake iyeyuke ndani ya mali ya wengine na kushika karatasi kulihitaji moyo mkubwa.

Juu ya mbele ya jengo waliandika jina la chama, na maneno haya ya Kifaransa: Tous pour chacun, chacun pour tous. Maana yake ni Wote kwa kila mmoja, kila mmoja kwa wote.

Majira ya mwaka huo huo wa 1905 alifika pale Jean Jaurès, mbunge mashuhuri na mkuu wa wasoshalisti wa Ufaransa, ambaye alizaliwa Castres, si mbali sana na Béziers. Alizungumza na wanachama, na mwezi wa Mei akaandika habari zao katika gazeti lake la L'Humanité, alilolianzisha mwaka uliotangulia. Kilichomvutia ni kwamba wakulima wenye ardhi yao wenyewe, watu ambao wanasiasa wa mijini walizoea kuwadharau kwa choyo cha kipande cha ardhi, walikuwa wamejenga kwa hiari yao kitu cha wote, tena wakakiunganisha na wafanyakazi wa Paris. Jaurès aliuawa kwa risasi tarehe 31 Julai mwaka 1914, vita vilipokuwa mlangoni.

Ghala moja halikuweza kuiokoa nchi nzima. Bei ziliendelea kuwa mbaya, na tarehe 11 Machi mwaka 1907 watu 87 wa kijiji cha Argelliers, wakiongozwa na Marcelin Albert, mkulima na mwenye mgahawa, waliondoka kwa miguu kwenda Narbonne kuwaeleza shida yao wajumbe wa Bunge waliokuwa wakichunguza hali ya mvinyo. Kutoka hapo kila Jumapili mikutano ikawa mikubwa zaidi: Béziers tarehe 12 Mei, Perpignan, Carcassonne, Nîmes, na tarehe 9 Juni Montpellier, ambako inakadiriwa walikusanyika watu nusu milioni au zaidi. Mameya kwa mamia wakajiuzulu. Serikali ya Clemenceau ilipeleka askari. Tarehe 19 na 20 Juni wakapiga risasi katika mitaa ya Narbonne, na watu kadhaa wakafa. Usiku wa tarehe 20 askari wapatao 500 wa Rejimenti ya 17, vijana wa Béziers na vijiji vya jirani, wana wa wakulima wale wale, waliasi huko Agde wakatembea usiku kucha mpaka Béziers. Asubuhi waliketi na bunduki zao katika njia ile ya miti yenye sanamu ya Riquet, na wenyeji wakawaletea chakula. Hawakumpiga mtu. Baadaye walipelekwa Gafsa, katika jangwa la Tunisia.

Marcelin Albert alikwenda Paris kumwona Clemenceau. Waziri Mkuu alimpokea, akazungumza naye kwa maneno matamu, akampa faranga 100 za nauli ya kurudia. Kisha akawaambia waandishi wa magazeti habari za zile faranga 100. Kiongozi aliyefuatwa na watu nusu milioni aliharibika jina kwa noti moja. Tumeandika habari hii kwa makusudi, kwa kuwa kitabu hiki kitasomwa na wajumbe wa Halmashauri pia.

Tarehe 29 Juni mwaka 1907 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia mvinyo wa bandia, ikimlazimisha kila mkulima kutangaza kiasi alichovuna. Mwezi wa Septemba wakulima wakaunda shirikisho lao la ulinzi, lililoajiri wakaguzi wake wenyewe wa kuwafichua wadanganyifu. Na sheria nyingine, iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 1906 bila makelele mengi, ilikuwa imeruhusu vyama vya ushirika vya kilimo kupata mikopo ya muda mrefu kwa njia ya benki za wakulima za majimbo. Twadhani sheria hiyo ya kimya ilijenga zaidi kuliko ile iliyopatikana kwa damu. Kwa mikopo hiyo vijiji vingine vilifuata njia ya Maraussan, kwanza kimoja kimoja, kisha, baina ya vita kuu mbili, kwa mamia. Leo mtu akipita katika wilaya za Hérault na Aude huona karibu katika kila kijiji jengo kubwa lenye paji la kanisa na mwaka uliochongwa juu yake. Ni maghala ya ushirika, na mengi yanashindana kwa ukubwa na kanisa lenyewe.

Haitakuwa haki tukieleza ushindi na kuficha yaliyofuata. Vyama vingi, kwa kupenda amani, viliwalipa wanachama kwa uzito zaidi kuliko kwa ubora. Aliyeleta zabibu nyingi zenye maji alipata sawa au zaidi ya aliyeleta chache zilizo nzuri, na wakulima si wajinga: walipanda aina ya Aramoni, ambayo mabondeni huzaa kupita kiasi na hutoa mvinyo mwepesi usio na jina. Kwa miaka mingi hilo halikudhuru, kwa sababu wafanyakazi wa kaskazini walikunywa kila kilicholetwa. Lakini Wafaransa walipoanza kupunguza mvinyo na kutaka ule ulio bora, kutoka zaidi ya lita 100 kwa mtu kwa mwaka katika miaka ya 1960 mapema mpaka chini ya nusu yake baadaye, maghala ya kusini yalijikuta yamejaa kitu kisichotakiwa. Tarehe 4 Machi mwaka 1976, huko Montredon, wakulima na polisi walipigana risasi. Mkulima mmoja na ofisa mmoja wa polisi wakafa. Baada ya hapo Jumuiya ya Ulaya ililipa fedha kwa kila hekta iliyong'olewa, na kadiri ya nusu ya mizabibu ya nchi ile imeng'olewa. Waliobaki walipanda aina bora, wakajifunza kupima utamu na afya ya zabibu getini kabla ya kupima uzito, na kumkataa hata jirani aletapo zilizooza.

Vyama vidogo havikuweza kila kimoja kununua mashine mpya na kuajiri wataalamu. Maraussan nacho kiliungana na vyama vya vijiji jirani katika chama kikubwa kilichojiita Wakulima wa Mizabibu wa Nchi ya Ensérune, kwa jina la kilima kile chenye mitungi. Haikuwa rahisi, kijiji chenye ghala la kwanza kilipaswa kuketi meza moja na vijiji vilivyoliiga, na kura ya mjumbe wake haikuwa nzito kuliko ya wengine.

Ghala la mwaka 1905 bado limesimama, na maneno ya wazee yanasomeka juu yake kutoka barabarani. Siku hizi zabibu nyingi huvunwa kwa mashine, mara nyingi usiku ili zisipate joto, na katika mwezi wa Septemba matrekta hupanga foleni mizanini kabla ya mapambazuko. Dereva hushuka, hungoja kipimo cha sukari, hupokea karatasi yake, akarudi shambani kuleta shehena nyingine.